Wafundishwe Pamoja Wanaotibu Mguu Mmoja

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Hapa Visiwani nasi husikia hotuba, hupimwa sukari viwanjani, huelezwa tupunguze chumvi na mafuta, kisha hurejea majumbani. Hayo ni mema na hatuyapingi. Lakini lipo jambo ambalo hotuba hizo hulipita kwa haraka, nalo ni mguu. Maradhi haya yanapomfikia mtu wa kawaida wa Micheweni au Makunduchi, mara nyingi hayamtishi kwa jina lake la kitabibu. Humtisha siku anapoambiwa kwamba kidonda kilichokuwa chini ya unyayo wake kimekuwa donda ndugu, nyama imekufa, na mguu hauna budi kukatwa.

Leo tunapenda kulijadili suala hilo, si kwa nia ya kuwaogofya wananchi, bali kuwaeleza wenye dhamana ya afya kwamba hoja iliyopo hapa ni ya elimu, na kwamba elimu tunayoikusudia ni ya wanaotibu kabla ya kuwa ya wanaotibiwa.

Yafaa kwanza ieleweke namna mguu unavyopotea. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, yaani inayofika vidoleni, ndiyo inayotangulia kufa. Mtu huanza kuhisi ganzi, au miguu ikawa inawaka moto usiku, na baadaye hahisi kitu. Msumari huingia katika ndara naye akaendelea na safari yake. Misuli midogo ya mguu hudhoofu, vidole vikajikunja, uzito wa mwili ukaelemea mahali pamoja, pakaota sugu, na chini ya sugu hiyo nyama ikapondeka bila ya mwenyewe kujua. Aghalabu wakati huo huo mishipa ya damu nayo inaziba, hata nyama iliyojeruhiwa ikakosa damu ya kujijengea upya. Vijidudu vikishaingia, usaha hupanda kwa kufuata njia za kano, na mguu ambao Ijumaa hii una lengelenge, Ijumaa ijayo unanuka.

Anayedhani kuwa tunakuza mambo na azingatie jambo moja. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari walioguguniwa miguu na panya wakiwa wamelala. Hawakuamka, kwa sababu hawakuhisi. Hayo hayakutokea katika nchi ya mbali tusiyoijua. Yalitokea ng'ambo ya pili ya mkondo huu huu tunaouvuka kwa boti, katika nyumba zinazofanana na zetu.

Sasa na tuutazame mguu huo unapofika mikononi mwa wataalamu. Muuguzi wa kituo cha afya huuona kuwa ni kidonda, akausafisha na kuufunga bandeji, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa. Daktari wa kisukari husoma karatasi ya sukari na kuongeza dawa, na mgonjwa hutoka chumbani bila ya kuvuliwa viatu. Mfamasia hutoa antibiotiki kwa mujibu wa cheti. Mtaalamu wa maabara hupelekewa usaha uliopanguswa juu juu, wakati kilichotakiwa ni kipande cha nyama ya ndani. Mpasuaji huitwa mwisho kabisa, na akifika hakuna tena cha kutengeneza, kuna cha kukata. Fundi wa viungo bandia hukutana na mtu huyo kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana kigutu. Wote hao wametimiza wajibu wao. Ukimuuliza mmoja mmoja utaridhika na jibu lake, na mguu umekwenda.

Hapo ndipo penye kasoro tunayoizungumzia. Kasoro hiyo haimo katika uvivu wa mtu, wala hatutaki makala hii itumiwe kuwalaumu wauguzi, ambao wengi wao hufanya kazi ya watu watatu. Imo katika mafunzo. Mpasuaji alisomea peke yake, muuguzi peke yake, mtengeneza viungo peke yake tena katika mji mwingine, na fundi wa viatu hakufundishwa kabisa kwamba kazi yake ina uhusiano na hospitali. Mguu ni mmoja, nao wameugawa kama nyama ya ngoma.

Historia ya tiba hii inafundisha mengi. Kabla ya kupatikana insulini, ambayo mgonjwa wa kwanza alidungwa mwaka 1922, wenye kisukari kikali hawakuishi muda wa kutosha kuharibikiwa na miguu. Insulini iliporefusha maisha yao, miguu ikaanza kuoza, na Elliott Joslin, daktari mashuhuri wa Boston huko Marekani, akaandika mwaka 1934 kuionya taaluma nzima juu ya balaa hilo. Tangu miaka ya 1920 yeye alikwisha kuwaweka wauguzi na watunza miguu katika hospitali alimofanyia kazi, akiamini kwamba kuoza huko kunazuilika iwapo mgonjwa atafundishwa na miguu yake itatazamwa.

Somo kubwa zaidi lilitoka katika ukoma. Paul Brand, mpasuaji wa Kiingereza aliyezaliwa India, alianza kazi Vellore mwaka 1946. Wakati huo watu wengi, waganga wakiwamo, waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Yeye na wenzake walithibitisha kuwa sivyo. Ukoma huua hisia, na kisha ni jiko la moto, mpini wa jembe, kiatu kibaya na mwendo wa kutwa juu ya kidonda ndivyo vinavyomaliza viungo. Brand hakukaa chumba cha upasuaji peke yake. Aliwakusanya wachua viungo, mafundi wa viatu na wauguzi, akatafuta mpira laini wa kutengenezea kandambili, akafunga miguu yenye vidonda katika plasta ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika, ili uzito usielemee kidonda. Mwaka 1966 alihamia Carville, Louisiana, na huko maarifa hayo ya wakoma yakaingia katika tiba ya kisukari. Tunalitaja hili kwa makusudi: elimu inayotumika leo katika hospitali kubwa za nchi tajiri ilichimbuliwa katika miguu ya maskini wa India.

Baadaye, mwaka 1981, Hospitali ya King's College ya London ilifungua kliniki ya miguu ambamo daktari wa kisukari, mpasuaji, muuguzi, mtaalamu wa miguu na mtengeneza viatu walimtazama mgonjwa mmoja siku moja chini ya paa moja. Mwaka 1986 walitoa taarifa kwamba ukataji wa miguu kwa wagonjwa wao ulikuwa umepungua kwa nusu. Hapakuwa na dawa mpya ya ajabu iliyovumbuliwa kati ya miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni kwamba watu walizungumza wao kwa wao. Mwaka 1989 wawakilishi wa serikali za Ulaya walipokutana St Vincent, Italia, waliweka lengo hilo hilo la kupunguza kwa nusu miguu inayokatwa kwa sababu ya donda la kisukari.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya London na sisi hatuna London. Tunamjibu kwa mfano wa Jamhuri yetu wenyewe. Kuanzia mwaka 2004 uliendeshwa Tanzania mradi uliojulikana kwa jina la Hatua kwa Hatua, ukiongozwa na Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa nje, huku wenzetu wa India wakiendesha wa kwao sambamba. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Kila kituo kilileta watu wawili, daktari na muuguzi, si daktari peke yake. Walisoma pamoja kozi ya msingi, wakapewa vifaa, wakarudi makwao kufanya kazi kwa mwaka mmoja, kisha wakaitwa tena kwa kozi ya juu, wakiwa na maswali yaliyotokana na wagonjwa wao wenyewe. Vituo 15 vilishiriki. Mwaka 2005 wagonjwa 11,714 walikaguliwa miguu. Kati yao 4,335 walionekana kuwa na miguu iliyo hatarini, 461 walikuwa na vidonda, na 45 walikatwa mguu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2011 ilieleza kuwa katika miaka iliyofuata kiwango cha ukataji kilishuka.

Tafadhali tuitazame tena hesabu hiyo, hasa nyinyi ndugu mlio maofisini. Zaidi ya watu 4,000 walikuwa njiani kuelekea kwenye kidonda, na hilo lilijulikana kwa sababu tu mtu aliwavua viatu. Kifaa kikuu cha ukaguzi huo ni uzi wa nailoni unaopinda unapobanwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi huguswa unyayoni, naye akaulizwa kama anahisi. Baada ya hapo mkaguzi hutafuta kwa vidole mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, hutazama kati ya vidole, hupapasa kama pana sugu au joto. Dakika chache zinatosha. Bei ya uzi huo haihitaji kikao cha Baraza la Mawaziri.

Lakini uzi usio na mtu wa kumpelekea habari ni uzi tu. Muuguzi wa Konde akigundua kwamba mguu wa mzee fulani hauna mapigo, ni lazima amjue kwa jina mpasuaji wa kumpigia simu, na mpasuaji huyo awe anamwamini muuguzi kiasi cha kusema mlete leo, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa waraka. Hupatikana kwa watu kusimama pamoja mbele ya kitanda kimoja, mmoja akishika kisu cha kuondolea nyama mfu na mwingine akishika mguu, wakafundishana. Muuguzi aliyeona kwa macho yake jinsi nyama hai inavyotoka damu baada ya iliyokufa kuondolewa hatafunga tena bandeji juu ya uozo. Na mpasuaji aliyekaa na mtengeneza viatu ataelewa kwa nini kidonda alichokisafisha vizuri mno kilirejea baada ya miezi miwili: mgonjwa alivaa kiatu kile kile.

Visiwa vyetu vina mambo yake ambayo hayamo katika vitabu vya London, nayo hayana budi kuingia katika mafunzo hayo. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani hushinda majini, mara nyingine peku, juu ya mawe na vigingi. Mchumaji karafuu wa Pemba hupanda mkarafuu kwa miguu mitupu. Mvuvi hukanyaga asichokiona. Kumwambia mtu wa aina hii apumzishe mguu miezi mitatu ni kumwambia asile, na daktari asiyelijua hilo ataandika katika jalada kwamba mgonjwa hakufuata masharti. Ndiyo maana tunasema ofisa wa ustawi wa jamii awemo katika kundi la wanaofundishwa, na sheha ajue kuwa katika shehia yake yupo mtu ambaye mguu wake unategemea kula kwake.

Lipo pia jambo la ibada. Sisi tuliokaa chuoni utotoni tulifundishwa kwamba maji ya udhu yafike baina ya vidole. Mwenye kusali sala tano huigusa miguu yake mara nyingi kwa siku, na hakuna ratiba ya ukaguzi wa miguu iliyopata kubuniwa na wizara yoyote inayoipita hiyo. Kinachokosekana ni maelezo: kwamba mkono unapopita utafute mpasuko na joto, kwamba macho yatazame na unyayo, na asiyeweza kuuona wake atazamiwe na mtoto, kwamba baada ya udhu vidole vikaushwe vizuri kwa sababu unyevu hufungua ngozi, kwamba asiye na hisia asijaribu maji ya moto kwa mguu bali kwa kiwiko au amwombe mtu. Aidha, anayevua viatu mlangoni mwa msikiti adhuhuri ya jua kali, ikiwa miguu yake ina ganzi, anaweza kuungua asijue. Imeandikwa katika majarida ya tiba kuhusu mahujaji wenye kisukari walioungua nyayo kwa kutembea peku juu ya sakafu za Makka. Maimamu wakielezwa haya na wauguzi wenyewe, watayasema kwa lugha inayosikilizwa kuliko mabango yetu yote.

Na waganga wa kienyeji je? Wapo wanaotaka watu hawa wapigwe marufuku. Sisi hatuoni faida ya kuwatukana, maana mgonjwa ataendelea kuwaendea, tofauti ni kwamba ataficha. Heri waitwe, waoneshwe dalili ambazo hazingoji dawa ya majani, yaani kidole kilicheusi, harufu, homa na wekundu unaopanda, waambiwe mlango wa kubisha. Tunajua kwamba familia nyingi huchelewa pia kwa kuogopa kisu. Husema fulani alikatwa mguu akafa. Ni kweli alikufa, lakini wengi hufa kwa kuwa walifika hospitali sumu ikiwa imekwisha kuenea mwilini. Kuzungumza na familia kama hiyo ni elimu inayosomwa, na mara nyingi muuguzi huiweza kuliko daktari bingwa.

Tuje katika uwezo wetu. Hatuanzi patupu. Mwaka 2007 madaktari wa Kuba kutoka Matanzas walisaidia kuanzisha mafunzo ya udaktari hapa Zanzibar, na Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, mwaka 2016. Kwa maana hiyo, mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa uuguzi ni wana wa chuo kimoja. Swali tunalowauliza wakuu wa chuo kwa heshima ni hili: je, katika miaka yao yote ya masomo, wanakaa mara ngapi pamoja mbele ya mguu mmoja wenye kidonda, wakapimwa pamoja na kupewa alama pamoja? Upande wa Bara, Moshi, katika viwanja vya KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza viungo. Na hapa hapa mjini wapo mafundi wa makobazi wenye mikono ambayo, ikipewa mpira laini na vipimo, inaweza kushona kiatu kisichomuumiza mwenye ganzi.

Kuba wenyewe wana la kutufundisha. Mwaka 2006 walisajili dawa ya sindano iitwayo Heberprot-P, inayodungwa kwenye kidonda cha mguu wa kisukari ili kuchochea nyama kuota. Dawa hiyo imepata sifa, na tunatambua kuwa wapo watakaosema tuagize basi yaishe. Wasisahau kwamba Kuba ilikuwa na madaktari waliosomea mishipa ya damu na mguu wa kisukari kama fani kamili, na dawa ikapelekwa katika zahanati za mitaa pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Sindano katika mguu usio na damu, uliojaa usaha, unaokanyagiwa kutwa, ni fedha iliyomwagwa baharini.

Tunafahamu pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba semina zimekuwa nyingi, na hili tunakubaliana nalo kabisa. Taifa hili limeona semina ambazo mshiriki hukumbuka posho na chakula cha mchana, akasahau mada. Mafunzo tunayoyataka hayafanyiki hotelini. Yafanyike wodini na katika chumba cha vidonda, na mshiriki apimwe kwa miguu aliyoikagua mwaka mzima baada ya kurudi. Pingamizi la pili ni zito zaidi nalo halisemwi hadharani: mtu akishafundishwa, huhamishwa. Muuguzi wa vidonda aliyeiva anajikuta wodi ya wazazi kisiwa kingine, na daktari mwenziwe yuko masomoni. Jozi ikivunjwa, kilichobaki ni vyeti viwili ukutani. Tunaiomba Wizara ya Afya iagize kwamba jozi iliyofundishwa isitenganishwe kwa muda wa miaka mitatu, isipokuwa kwa sababu ya maradhi au ya utashi wa mtumishi mwenyewe.

Pemba isifanywe kiti cha nyuma katika mpango huu. Mgonjwa wa Wete anayepelekwa Unguja kwa ajili ya kidonda hulipa kwa nauli, kwa siku na kwa ndugu wa kumsindikiza, na kila siku inayopita huondoka na nyama yake. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Majengo mapya ya hospitali za wilaya nayo yamesimama katika visiwa vyote viwili miaka ya karibuni. Kila moja na iwe na daktari mmoja, muuguzi mmoja, na siku moja ya wiki ambayo kila mgonjwa wa kisukari anavuliwa viatu. Kundi la wakufunzi kutoka Mnazi Mmoja, yaani mpasuaji, daktari wa kisukari, muuguzi mkuu wa vidonda na fundi wa viatu, lizunguke kwao kila mwezi badala ya kuwaita mjini.

Na ili tusibaki katika maneno, kila hospitali iandike kwa mwaka mzima idadi ya miguu iliyokatwa juu ya kifundo, iandike na siku ngapi zilipita tangu mgonjwa alipoonekana mara ya kwanza na mtumishi yeyote wa afya hadi alipoonekana na mpasuaji. Takwimu hizo mbili zipelekwe mezani kwa Waziri kila baada ya miezi mitatu, na nakala yake iwafikie waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi kabla ya kikao cha bajeti.